Hekalu la Wamormoni: Asili ya Ibada Zake, Mabishano Yanayolihusu na Msimamo wa Kanisa Katoliki

Mwezi Mei 2025, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu wengi hulifahamu kwa jina la Wamormoni, liliweka wakfu hekalu lake jijini Nairobi. Kabla ya hapo jumuiya hiyo ilikwisha kuwa na mahekalu Johannesburg (1985), Accra (2004), Aba nchini Nigeria (2005), Kinshasa (2019) na Durban (2020). Kwa hiyo maswali ambayo zamani yaliulizwa Marekani tu, sasa yanaulizwa pia katika familia zetu: Ndani ya jengo lile hufanyika nini? Ibada zile zimetoka wapi? Je, ni kweli kwamba zinatokana na Wafrimasoni? Na ndugu yetu aliyebatizwa huko, Kanisa linamhesabu kuwa amebatizwa?

Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa ukweli na kwa haki. Mkristo hapaswi kumshuhudia jirani yake uongo, hata pale ambapo hakubaliani na imani yake. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko la Nostra Aetate, unatufundisha kuyatazama kwa heshima ya kweli mambo ambayo wengine wanayashika kwa moyo mnyofu.

Hekalu ni nini kwa Wamormoni?

Ni lazima kwanza kutofautisha hekalu na nyumba ya mikutano. Ibada ya Dominika ya Wamormoni hufanyika katika nyumba za mikutano, nazo ziko wazi kwa mtu yeyote. Hekalu ni jengo la namna nyingine. Kabla ya kuwekwa wakfu hufunguliwa kwa muda ili umma ulitembelee. Baada ya hapo huingia waamini wao tu, tena wale waliohojiwa na viongozi wao na kupewa kibali. Katika mahojiano hayo huulizwa juu ya imani yao, usafi wa maisha, kutoa zaka, na kujiepusha na pombe, tumbaku, chai na kahawa.

Ibada kuu za hekaluni ni nne. Ya kwanza ni ubatizo kwa ajili ya wafu, ambapo mtu aliye hai huzamishwa majini kwa niaba ya marehemu. Ya pili ni kuoshwa na kupakwa mafuta. Ya tatu wanaiita endaumenti, yaani kujaliwa kipawa kutoka juu: mwamini hufundishwa habari za uumbaji, bustani ya Edeni, anguko la Adamu na Eva na njia ya kurudi kwa Mungu, naye hufanya maagano na kupokea ishara fulani anazopaswa kutozifichua. Ya nne ni kuunganishwa, ambapo mume na mke, na wazazi pamoja na watoto wao, hufungamanishwa kwa maisha haya na kwa milele. Endaumenti na kuunganishwa hufanywa pia kwa niaba ya marehemu. Wamormoni husema kwamba mambo hayo ni matakatifu na kwamba hawayafichi kwa nia ya siri. Kwa sababu hiyo makala haya hayataeleza maneno na ishara zenyewe. Kwa lengo letu inatosha kujua historia yake.

Kutoka Kirtland hadi Nauvoo

Joseph Smith alizaliwa Vermont mwaka 1805, akaanzisha kanisa lake katika jimbo la New York tarehe 6 Aprili 1830. Hekalu la kwanza lilijengwa Kirtland, Ohio, likawekwa wakfu tarehe 27 Machi 1836. Humo palikuwa na kuoshwa, kupakwa mafuta na kutawadhana miguu, lakini hapakuwa na ubatizo kwa ajili ya wafu, wala endaumenti kama ijulikanavyo leo, wala ndoa za milele.

Mambo hayo yalitokea Nauvoo, mji ambao Wamormoni waliujenga kando ya mto Mississippi katika jimbo la Illinois. Mwezi Agosti 1840, katika mazishi ya mmoja wa waamini wake, Smith alitangaza fundisho la kuwabatiza walio hai kwa niaba ya wafu. Ubatizo wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika mtoni. Tarehe 4 Mei 1842, katika chumba cha juu cha duka lake la matofali mekundu, aliwapa wanaume tisa endaumenti kwa mara ya kwanza. Mwaka 1843 ukaandikwa ufunuo juu ya ndoa ya milele, uliobeba pia fundisho la kuoa wake wengi. Tarehe 27 Juni 1844 Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha katika gereza la Carthage, kabla ya hekalu la Nauvoo kukamilika. Waamini zaidi ya elfu tano walipokea endaumenti humo kati ya Desemba 1845 na Februari 1846, kisha wakafuata safari ndefu ya kuelekea Utah chini ya Brigham Young.

Swali la Wafrimasoni

Kwetu Afrika Mashariki neno “Frimasoni” limebeba uvumi mwingi: utajiri wa ghafla, kafara za damu, mikataba na shetani. Msomaji na auweke kando uvumi huo, kwa kuwa hauna nafasi katika mjadala huu. Frimasoni inayozungumziwa hapa ni chama cha kindugu kilichopata muundo wake wa kisasa London mwaka 1717, chenye ngazi, viapo, namna za kupeana mikono na alama zilizotokana na kazi ya waashi, kama vile bikari na guni.

Msingi wa mabishano ni tarehe. Joseph Smith alipokelewa katika Frimasoni huko Nauvoo tarehe 15 na 16 Machi 1842. Endaumenti ya kwanza ilitolewa majuma saba tu baadaye. Waliokuwapo walitambua kwamba kuna mambo yanayofanana: aproni, namna za kupeana mikono, ishara, ahadi za kutunza siri, na alama za bikari na guni. Kaka yake Hyrum alikuwa amejiunga na chama hicho miaka mingi kabla yake, na hatimaye zaidi ya wanaume elfu moja wa Kimormoni waliingia katika vyumba vya Frimasoni vya Nauvoo na maeneo ya jirani.

Wamormoni wenyewe wa wakati ule hawakuuficha mfanano huo. Heber C. Kimball, mmoja wa mitume wao na Mfrimasoni wa siku nyingi, aliandika barua mwezi Juni 1842 akimweleza mwenzake kwamba, kwa maneno ya Smith, Frimasoni ilichukuliwa kutoka katika ukuhani, kisha ikaharibika. Maelezo hayo ndiyo yaliyokubalika kwa vizazi vingi: hekalu la Sulemani lilikuwa na ibada kamili, Wafrimasoni walibaki na vipande vyake vilivyochakaa, na Smith alifunuliwa ukamilifu wake.

Ugumu wa maelezo hayo ni kwamba wanahistoria wa Frimasoni hawaoni mnyororo wowote unaoiunganisha na hekalu la Sulemani. Maandishi ya zamani zaidi ya waashi wa Uingereza ni ya mwishoni mwa karne ya 14, na ngazi ya tatu yenye masimulizi ya fundi Hiramu inajitokeza katika maandishi ya karne ya 18 tu. Kama Frimasoni haikutoka kwa Sulemani, haikuweza kuwa chombo cha kutunza mabaki ya ibada zake.

Watetezi wa Kimormoni wana majibu, na haki inatudai tuyasikilize. Wa kwanza husema kwamba kuoshwa na kupakwa mafuta kulikuwapo Kirtland mwaka 1836, na kwamba ufunuo wa Januari 1841 ulikwisha kuagiza hekalu lenye ibada hizo, miezi kumi na minne kabla ya Smith kuwa Mfrimasoni. Hoja hiyo ni ya kweli, na inaonyesha kwamba si kila kitu cha hekaluni kilitoka kwa Wafrimasoni. Kuosha na kupaka mafuta kunafanana zaidi na kuwekwa wakfu kwa Haruni na wanawe katika Kitabu cha Kutoka. Wa pili husema kwamba maudhui ya endaumenti ni tofauti kabisa: Frimasoni inasimulia kifo cha fundi, endaumenti inasimulia uumbaji na ukombozi, tena hekaluni wanawake hushiriki, na mke wa Smith, Emma, aliipokea mwaka 1843. Hilo nalo ni kweli. Wa tatu, akiwamo mwanazuoni Hugh Nibley, walitafuta chimbuko Misri ya kale na katika maandishi ya Wakristo wa karne za kwanza. Wa nne, ambao wanazidi kusikika, hukubali kwamba Smith alitumia mtindo wa kufundishia wa Wafrimasoni, wakisema kwamba Mungu anaweza kutumia chombo chochote kilichopo mkononi mwa nabii wake.

Tuipime vipi hoja hiyo?

Hapa Mkatoliki anapaswa kuwa mwangalifu. Wako wanaodhani kwamba ukishaonyesha kuwa ibada fulani imeazimwa mahali, umekwisha kuibatilisha. Kipimo hicho kikitumiwa kwa haki, kitatugeukia na sisi. Mavazi ya Misa yametokana na mavazi ya Warumi wa kale. Ubani na mishumaa vilitumika nje ya Kanisa kabla ya kutumika ndani yake. Mama Kanisa amepokea mengi kutoka katika tamaduni za watu, akayatakasa na kuyaelekeza kwa Kristo.

Tofauti iko katika kile kinachodaiwa. Kanisa halidai kwamba kasula ilishonwa na Mitume. Linadai kwamba kiini cha Ekaristi na Ubatizo kimetoka kwa Kristo mwenyewe, na ushahidi wake umo katika Injili, katika nyaraka za Mtume Paulo na kwa Mababa wa karne ya pili. Madai ya Smith yalikuwa ya namna nyingine: kwamba ibada zenyewe zilikuwapo tangu Adamu, zikapotea kwa uasi, na sasa zimerejeshwa. Madai ya kurejesha kitu ni madai ya kihistoria, nayo yanaweza kuchunguzwa.

Tukiyachunguza, tunaona kwamba hekalu la Yerusalemu lilikuwa mahali pa sadaka. Ndani ya patakatifu waliingia makuhani tu, na patakatifu pa patakatifu Kuhani Mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka. Maandiko hayasimulii popote ndoa zilizofungwa humo, wala ubatizo uliofanywa humo kwa niaba ya wafu, wala waamini wa kawaida waliopitishwa katika ngazi za mafundisho. Nao Wakristo wa kwanza, baada ya hekalu kubomolewa mwaka 70, hawakujenga jingine. Waraka kwa Waebrania unaeleza sababu: Kristo ameingia mara moja tu katika patakatifu pa mbinguni kwa damu yake mwenyewe. Mwinjili Yohane anafundisha kwamba hekalu jipya ni mwili wake.

Hata ndani ya ukoo wa imani ya Smith mwenyewe hakuna mapatano. Jumuiya iliyojipanga upya chini ya mwanawe, Joseph Smith wa Tatu, mwaka 1860, ambayo leo inaitwa Community of Christ, haikuendeleza endaumenti. Hekalu lao la Independence, Missouri, liko wazi kwa watu wote.

Ubatizo kwa ajili ya wafu

Andiko linalotumiwa ni 1 Wakorintho 15:29, ambapo Mtume Paulo anawauliza Wakorintho maana ya wale wanaobatizwa kwa ajili ya wafu, ikiwa wafu hawafufuliwi. Aya hiyo ni ngumu, na wafafanuzi wameitafsiri kwa namna nyingi. Hata hivyo mambo mawili yako wazi. Paulo hapo anatetea ufufuko, hatoi agizo juu ya Ubatizo. Na anawataja watu hao kwa nafsi ya tatu, kisha katika aya inayofuata anarudi kusema “sisi”. Anatumia desturi ya watu fulani kama hoja bila kuifanya kuwa desturi ya Kanisa.

Mtakatifu Yohane Krisostomo, akihubiri juu ya aya hiyo mwishoni mwa karne ya nne, anasimulia walivyofanya wafuasi wa Marcion: mkatekumeni alipofariki, walimficha mtu hai chini ya kitanda chake, wakamuuliza maiti kama anataka kubatizwa, na yule aliyefichwa akajibu kwa niaba yake. Krisostomo anaikataa desturi hiyo, naye anaielewa aya ya Paulo kuwa inahusu ungamo la ufufuko wa wafu ambalo mbatizwa hulitamka. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 397 nao uliwaonya waamini wasidhani kwamba wafu wanaweza kubatizwa. Kwa hiyo desturi ya namna hii ilijulikana zamani, na Kanisa liliiona na kuikataa.

Lakini tusiidharau huzuni iliyo nyuma ya fundisho hilo. Smith alikuwa amempoteza kaka yake mkubwa, Alvin, aliyefariki mwaka 1823 bila kubatizwa, na familia yake iliumizwa na wazo kwamba huenda amepotea. Nani kati yetu hana babu au bibi aliyefariki kabla Injili haijafika kijijini kwao? Kanisa Katoliki lina jibu kwa huzuni hiyo. Mungu ameufungamanisha wokovu na Sakramenti ya Ubatizo, lakini Yeye mwenyewe hafungwi na Sakramenti zake. Katekisimu (namba 1260) inafundisha kwamba mtu asiyeijua Injili, lakini anayetafuta ukweli na kutenda mapenzi ya Mungu kadiri anavyoyafahamu, anaweza kuokoka. Na kwa ajili ya marehemu tunatoa sala na Sadaka ya Misa, kama Yuda Makabayo alivyowatolea sadaka wenzake waliokufa vitani (2 Makabayo 12:43-46).

Mlango uliofungwa kwa Waafrika

Katika mjadala juu ya asili ya ibada za hekaluni, historia hii inatugusa sisi kwa namna ya pekee. Wakati wa Joseph Smith watu weusi wachache walipewa ukuhani. Mmoja wao, Elijah Able, alipewa daraja mwaka 1836 na kushiriki ibada za Kirtland. Mwaka 1852 Brigham Young alitangaza hadharani kwamba wenye asili ya Kiafrika hawawezi kupokea ukuhani, na katazo hilo likaenea hadi endaumenti na kuunganishwa.

Jane Manning James, mwanamke mweusi huru aliyefika Nauvoo kwa kutembea mamia ya kilomita na kuishi katika nyumba ya Smith, aliomba kwa miaka mingi huko Utah aruhusiwe kuingia katika ibada hizo. Alikataliwa. Mwaka 1894 alikubaliwa jambo moja: kuunganishwa na familia ya Smith kama mtumishi wake wa milele, naye hakuruhusiwa hata kuwapo, mtu mwingine alisimama mahali pake. Alifariki mwaka 1908. Katazo liliondolewa Juni 1978, na mwaka uliofuata endaumenti yake ikafanywa kwa niaba yake. Mwaka 2013 viongozi wa jumuiya hiyo walichapisha maelezo ya kuzikataa nadharia za zamani zilizohusisha ngozi nyeusi na laana.

Mkatoliki asome habari hizo bila majivuno, kwa kuwa wako wana wa Kanisa waliomiliki na kuuza watumwa. Swali la taalimungu hata hivyo linabaki: ibada inayosemwa kuwa ya lazima kwa utukufu kamili wa mbinguni, na kuwa imerejeshwa na Mungu kwa ajili ya wote, ilikuwaje ifungwe kwa taifa zima la watu kwa zaidi ya karne moja? Vivyo hivyo kuhusu mabadiliko: mwaka 1990 ishara za adhabu, ambazo watafiti walizitaja kati ya zile zilizofanana zaidi na za Wafrimasoni, ziliondolewa katika endaumenti, na mwaka 2019 yalibadilishwa maneno ya maagano yaliyowahusu wanawake. Jumuiya yenye imani ya ufunuo endelevu haioni shida hapo. Anayesikia kwamba ibada ile ile ni ya tangu Adamu ana haki ya kuuliza.

Msimamo wa Kanisa Katoliki

Tarehe 5 Juni 2001, Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger na kwa idhini ya Mtakatifu Yohane Paulo II, lilitoa jibu kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali. Maji yapo, na maneno yanafanana na yetu. Tofauti ni imani inayotamkwa kwa maneno hayo. Kwa Wamormoni, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu zilizo miungu mitatu iliyoungana kwa nia, na Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Tena kwao ubatizo haukuanzishwa na Kristo, ulikuwapo tangu Adamu. Hivyo nia ya kutenda kile ambacho Kanisa la Kristo linatenda haipo. Uamuzi huo hauhukumu dhamiri ya mtu yeyote.

Juu ya ndoa, Kanisa linafundisha kwamba kifungo chake hudumu hadi kifo. Bwana mwenyewe aliwajibu Masadukayo kwamba katika ufufuko watu hawaoi wala hawaolewi (Mathayo 22:30). Upendo wa wanandoa watakatifu haupotei mbinguni. Unakamilishwa katika Mungu.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na mafundisho hayo, waamini na maparoko wazingatie yafuatayo:

1. Mmormoni anayeomba kuingia Kanisa Katoliki hupitia ukatekumeni na hubatizwa kikamilifu, si kwa masharti.

2. Ndoa kati ya Mkatoliki na Mmormoni ina kizuizi cha tofauti ya dini (kanuni ya 1086). Inahitaji kibali cha Askofu ili iwe halali. Wahusika wamwone paroko mapema, kabla ya kupanga tarehe.

3. Wazazi na ndugu wasio Wamormoni hawawezi kuingia hekaluni kushuhudia ndoa ya mtoto wao. Tangu mwaka 2019 jumuiya hiyo inaruhusu kila mahali ndoa ya kiserikali itangulie bila kusubiri mwaka mmoja. Familia ikilijua hilo mapema, machozi mengi yanaweza kuepukwa.

4. Kwa barua ya tarehe 5 Aprili 2008, Vatikano iliagiza kwamba vitabu vya parokia visitolewe kwa chama cha nasaba cha Wamormoni kwa ajili ya kunakiliwa, ili majina ya waamini marehemu yasitumiwe katika ubatizo kwa niaba. Mwongozo huo unavihusu vitabu vyetu vya ubatizo pia.

5. Ikiwa marehemu wenu amebatizwa kwa niaba na ndugu Mmormoni, msifadhaike. Tendo hilo halibadilishi chochote katika Ubatizo wake wala katika hali yake mbele za Mungu. Mwombeeni, na mtoeni Misa kwa ajili yake.

6. Msizifanyie dhihaka nguo zao wala ibada zao, wala msieneze picha na video zinazodai kufichua siri zao. Atakayeulizwa juu ya imani yake, ajibu kwa upole na heshima, kama Mtume Petro anavyoagiza, na kwa hilo ni lazima kwanza aijue vema Katekisimu yake.